Bustani ya Wafalme wa China na Watawa Walioijenga

Mgeni anayefika Beijing, akiisha kutazama jumba kubwa la wafalme na hekalu la Mbingu, huenda pia kaskazini-magharibi ya mji, pahali panapoitwa Yuanmingyuan. Pana maziwa na vilima vilivyofanywa kwa mikono ya watu. Upande mmoja zimelala nguzo za mawe, nazo zimechongwa kwa desturi ya Ulaya. Zilifika huko namna gani?

Bustani ilianzwa mwaka 1707, wakati wa mfalme Kangxi. Mjukuu wake Qianlong aliipanua sana, akaongeza majumba na mahekalu. Walimtumikia Wayezuiti wachache. Giuseppe Castiglione, Mwitalia, mtawa asiyekuwa padri, alikuwa amefika China mwaka 1715. Akawa mchoraji wa wafalme mpaka kufa kwake mwaka 1766. Ndiye aliyechora namna ya majumba yale ya mawe. Tena mwaka 1747 Qianlong alitaka maji yenye kuruka juu. Kazi ikamwangukia Padri Michel Benoist, Mfaransa, mjuzi wa hesabu na nyota. Akatengeneza hata saa ya maji: sanamu 12 zenye vichwa vya wanyama, kila moja ikitoa maji kwa zamu yake, na saa sita mchana zote pamoja.

Je, padri aliacha kwao kusudi apange mifereji ya maji ya mfalme? Tusimcheke upesi. Tangu mwaka 1724 dini ilikuwa imekatazwa. Mapadri wa majimbo walifukuzwa, wa Beijing wakaachwa kwa sababu ya ufundi wao. Mwaka 1736 Castiglione alipiga magoti mbele ya Qianlong, akawaombea Wakristo. Mchoraji aliweza kumkaribia mfalme, mhubiri hakuweza.

Mwaka 1860 majeshi ya Waingereza na Wafaransa yalifika, yakapora bustani. Wachina walikuwa wamewatesa na kuwaua baadhi ya watu wao waliokamatwa. Basi Lord Elgin, mjumbe wa Uingereza, akaamuru ichomwe. Moto uliwashwa tarehe 18 ya mwezi wa kumi. Tarehe 25 yakatiwa sahihi mapatano na Wafaransa, na ndani yake Wakristo walirudishiwa makanisa waliyonyang'anywa. Siku saba tu! Mchina aliyeuona moshi ule, kiisha akamwona padri akiingia kijijini na ulinzi wa Wafaransa, aliisikia Injili kwa masikio gani?

Vichwa vya sanamu vilitawanyika. Saba vimekwisha kurudi China. Kile cha farasi kiliwekwa tena katika bustani yenyewe mwaka 2020.