Uhuru ya angani na mdundo wangu uliopotea

Ukimwambia makanga unashukia Uhuru, atakushusha mtaani, jirani na Buruburu. Lakini kuna Uhuru nyingine, iliyokuwa ikipita juu ya eneo letu mara kadhaa kwa siku wazazi wetu wakiwa bado vijana.

Ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Setilaiti ya Wamarekani, warushaji Waitaliano, na kwa kuwa Kenya siku hiyo ilikuwa inatimiza miaka 7 ya uhuru, ikapewa jina hilo. Kazi yake ilikuwa kutafuta vyanzo vya eksirei angani. Hewa ya dunia huizuia miale hiyo, kwa hiyo lazima upande juu.

Mimi ni mtu wa programu, kilichonivutia ni data. Setilaiti ilijizungusha polepole, mzunguko mmoja kama dakika 12. Chanzo dhaifu hakionekani katika mzunguko mmoja, kimezama kwenye kelele. Basi wakalaza mizunguko mingi mmoja juu ya mwingine. Kelele hupanda hapa na kushuka pale, zinamalizana zenyewe. Chanzo kinabaki palepale. Ila mizunguko 100 hupunguza kelele mara 10 tu. Ukitaka mara 20, tafuta mizunguko 400. Wastani ni ghali jamani! Hata hivyo orodha yao ya mwisho ilifika vyanzo 339.

Juzi nikaandika programu ya kuiga chanzo kimoja, Centaurus X-3, ambacho hupiga mdundo kila sekunde 4.84 hivi. Sampuli kila sekunde 0.096, kama Uhuru yenyewe. Kimo cha mdundo 1, kelele 5. Nikaikata data vipande 2,000 vya mdundo mmoja mmoja, nikachukua wastani. Nikapata mstari mnyoofu! Nusu saa nzima nikailaumu jenereta ya namba nasibu. Kumbe mahali pa kukatia nilikuwa nimeandika 4.80. Sekunde 0.04 ni kitu gani? Lakini kila mdundo unasogea kidogo, na baada ya vipande 121 umezunguka duara zima, vilele vikajaza mabonde. Wastani ulikuwa umefuta kelele na mdundo pamoja. Nikaandika 4.84, ukajitokeza.

Sasa hapa ndipo penye utamu. Kundi la Riccardo Giacconi (Nobeli, 2002) liligundua kwamba hata 4.84 haitulii. Midundo iliwahi au kuchelewa hadi kama sekunde 40, na hali hiyo ikajirudia kila siku 2.087. Katika kipindi hichohicho eksirei zilikuwa zikitoweka kwa saa kadhaa. Maelezo yakatoka mwaka 1972: chanzo kinazunguka nyota nyingine. Kikiwa upande wetu midundo inawahi, kikiwa ng'ambo inachelewa, kikipita nyuma ya nyota hiyo kinafichwa kabisa. Sekunde 40 ni zaidi ya midundo 8. Mtu angemwaga siku mbili zote kwenye wastani mmoja bila kutazama saa, angepata mstari wangu mnyoofu na kuamini hakuna kitu.

Nimeongeza mzunguko huo kwenye programu. Kabla ya kukata vipande narudisha kila sampuli kwenye wakati wake, na siku mbili nzima mdundo umesimama.