Nyumba, Ploti na Kaya

Mpangaji wa Njiru, Nairobi, akikwambia nyumba yake ni nambari saba, ujue anasema chumba. Nyumba ni mlango mmoja: kitanda, pazia, mtungi wa gesi. Jengo zima lenye milango ishirini ni ploti. Sasa mto umevunja kingo usiku, mzee wa Nyumba Kumi, ule mpango wa usalama wa majirani, anapiga simu kwamba nyumba mbili zimeingia maji. Afisa wa misaada aliyelelewa kijijini ataona maboma mawili. Mwenzake wa Kayole ataona vyumba viwili. Na huenda mzee mwenyewe alimaanisha ploti mbili.

Ndiyo maana watu wa takwimu hung'ang'ania neno kaya. Katika sensa ya Kenya, kaya ni mtu au kundi la watu wa boma moja wanaopika pamoja chini ya mkuu mmoja. Kipimo ni chungu, paa halihesabiki. Sensa ya 2019 ilipata zaidi ya watu 626,000 katika Njiru, na blanketi na turubai hugawiwa kwa kaya pia. Basi vijana watatu wa mjengo wanaochangia kodi ya chumba, kila mmoja akila kwake kibandani, ni kaya ngapi? Mkuu wao nani? Fomu haiwajui, na sidhani ni kosa lao.

Neno jingine la kuangaliwa ni ushahidi. Mwaka 2008, ghasia za baada ya uchaguzi wa Kenya zikiendelea na matangazo ya moja kwa moja yakiwa yamepigwa marufuku, Ory Okolloh na wenzake walianzisha Ushahidi, tovuti ya kukusanya taarifa za wananchi na kuziweka kwenye ramani. Ilitumika hata Haiti baada ya tetemeko la 2010. Jina tamu, ila lina haraka: ujumbe wa kwanza ni taarifa tu, hauwi ushahidi mpaka aulizwe mtu wa pili.

Neno ninaloliogopa zaidi ni "amepotea". Wakati wa mafuriko ya 2024 mtu angeweza kuandikwa hivyo naye yuko kwa dadake Dandora, simu imezima chaji. "Hajulikani aliko" ni refu, lakini halimziki mtu.

Ukipiga 1199 ya Msalaba Mwekundu, taja milango mingapi, watu wangapi, na kama umewaona kwa macho yako au umesimuliwa.