Rekodi rudufu za mawakala (Wazuh)

Rekodi rudufu ni hali ya kompyuta moja kuonekana zaidi ya mara moja kwenye orodha ya mashine zinazofuatiliwa na programu ya usalama. Katika Wazuh, programu huria iliyotokana na OSSEC mwaka 2015, kila mashine huwekewa wakala, yaani programu ndogo inayotuma taarifa kwenye seva kuu. Wakala hujisajili kupitia poti 1515, akapewa namba, jina na ufunguo wa siri vinavyohifadhiwa kwenye faili la client.keys. Namba 000 ni ya seva yenyewe.

Rudufu nyingi hutokea kompyuta inapowekewa mfumo upya na kupewa jina jipya. Ufunguo umepotea, wakala hujisajili tena, na rekodi ya kwanza hubaki ikionyesha kwamba mashine imekatika. Msimamizi huiondoa kwa zana ya manage_agents, baada ya kuhakikisha ni ipi iliyowasiliana na seva mara ya mwisho. Kufuta iliyo hai kunaweza kuacha mashine bila ulinzi. Tahadhari zilizokwisha kuhifadhiwa hazifutiki.

Hali ya kinyume ni mbaya zaidi, na haionekani kwa urahisi: mashine pepe kadhaa zilizonakiliwa kutoka diski moja yenye client.keys hutumia ufunguo mmoja. Seva huhesabu ujumbe ili kuzuia uliokwisha tumwa usirudiwe. Hesabu zikigongana, baadhi ya ujumbe hukataliwa, na dalili za shambulio zinaweza kupotea humo. Faili hilo lazima liondolewe kabla ya kunakili.