Kutafuta Wazee Wetu Katika Vitabu vya Ubatizo

Wasikilizaji wangu, jirani yetu mmoja wa Kiwangwa alifunga safari kwenda Dar es Salaam kutafuta jina la babu wa babu yake katika kitabu cha ubatizo. Marehemu yule alikaa mjini miaka mingi, akazikwa huko. Kwa hiyo jirani hakuwa na shaka kwamba ubatizo wake nao umeandikwa huko. Kurasa zikafunuliwa mchana kutwa, jina lisionekane. Akarudi amenyong'onyea, akaniambia, "Mwalimu, labda hakubatizwa kabisa."

Nikamwuliza, mzee huyo wakati wa vita vya Abushiri alikuwa na umri gani? Akasema alikuwa kijana tayari, Mkristo tangu utoto. Basi kosa likaonekana. Mapadre Wabenediktini walifika Pugu, karibu na Dar es Salaam, mwaka 1888, na misheni yao ikashambuliwa Januari 1889. Kanisa la Mtakatifu Yosefu lilianza kujengwa mwaka 1897 tu. Mtoto aliyebatizwa kabla ya hapo atafutwe Bagamoyo, walikoanza Mapadre wa Roho Mtakatifu mwaka 1868, au Unguja, ambako misheni ya Kikatoliki ilitangulia tangu 1860. Kama jamaa ni Waanglikana, waulize Mkunazini, palipokuwa na soko la watumwa hata likafungwa mwaka 1873.

Tena majina yameandikwa kwa Kilatini. Yohana ni Joannes, Yosefu ni Josephus, na Luisi huenda akawa Ludovicus. Atafutaye Yohana chini ya herufi Y atachoka bure.

Liko na jambo jingine lenye faida. Tangu mwaka 1908 Kanisa Katoliki linaagiza kwamba mtu akifunga ndoa, habari ipelekwe parokia alikobatizwa, iandikwe kando ya jina lake. Aliyebatizwa Mandera akaoa Dar es Salaam ameacha alama mahali pawili. Kwa hiyo nasema, anza na ndoa za watoto na wajukuu, ambazo ni za karibu, kisha rudi nyuma hatua kwa hatua. Mwendee paroko kwa adabu na umpe miaka unayoikisia; kitabu chenyewe hakitoki nje ya parokia.

Tulifuata njia hiyo, na mzee tukampata: jina, siku ya ubatizo, na umri wa kukisia. Mahali pa baba na mama palikuwa patupu.

Jirani yangu alielewa mara moja, maana watu wote wa pwani wanajua kwamba misheni ya Bagamoyo iliwakomboa watoto watumwa na kuwalea. Nyumbani kwao husimuliwa kwamba ukoo wao ni wa hapahapa, na yeye alitaka nimshauri aandike jina gani la baba. Nilimwambia asiandike lolote. Jina la kubuni litamfunika yule mtoto mara ya pili.

Lakini mahali pa msimamizi wa ubatizo palikuwa na jina. Jirani akalisoma polepole, akacheka. Katika kila kizazi cha nyumba yao pana mtoto mmoja mwenye jina hilo, wala hapakuwa na mtu aliyejua limetoka wapi.