Supu ya Jiwe na Laptopu Nne

Siku tulipopewa laptopu nne za zamani hapa Kenani, vijana hawakuuliza zinafanya nini. Waliuliza, "Yaya, tunagawa namna gani?" Siwalaumu. Tangu tuvuke 2017 kuingia wilaya hii ya Nchelenge, kila kitu tunakipata kwa mgao: unga, blanketi, sabuni. Kitu kisichogawanywa tunafikiri kimeibwa.

Nikawapa habari ya Oak Ridge, jimbo la Tennessee, Marekani. Sisi watu wa Katanga tunahusika na mji ule. Ulijengwa kuanzia 1942 kwa ajili ya kusafisha uranium ya bomu, na sehemu kubwa ya mawe yake ilichimbwa Shinkolobwe, karibu na Likasi. Wazee wetu waliyabeba bila kuambiwa ni ya nini.

Mwaka 1996, kwenye maabara ya hapo hapo, William Hargrove na Forrest Hoffman walitaka kuchora ramani ya Marekani kwa kufuata mvua, joto na udongo. Nchi waliikata vipande milioni 7.8, kila kimoja kilometa moja ya mraba, na kila kipande kina mambo 25 ya kulinganisha. Kompyuta moja haiwezi. Wakaomba pesa za kompyuta mpya 64, wakanyimwa.

Basi wakaokota zile ambazo ofisi zilikuwa zinatupa, wakaziunganisha kwa waya na Linux, programu ya bure. Njia hiyo Thomas Sterling na Donald Becker walishaifungua 1994 wakiwa NASA, kwa kompyuta 16. Kufika 2001 za Oak Ridge zilipita 130. Waliiita Supu ya Jiwe, kutokana na hadithi ya mgeni mwenye njaa aliyechemsha jiwe, kijiji kikaja kuona, huyu akatia kitunguu, yule nyama.

Shida yao ilikuwa kwamba mashine hazilingani. Ukizipa kazi sawa sawa, yenye mbio inamaliza halafu inakaa kungoja zee. Kwa hiyo kompyuta moja ilikuwa msimamizi: inatoa kazi kidogo kidogo, anayemaliza anarudi kuchukua nyingine.

Sisi tulijifunza hilo kwa aibu. Laptopu moja ilikataa kuwaka, tukaunganisha tatu, zitafute namba tasa zote mpaka milioni 10. Ile nzuri peke yake ilitumia dakika 9. Zote tatu, kwa mafungu sawa: dakika 14! Vijana walicheka mpaka papa wa kuchaji simu akaja kuona. Tulipokata kazi vipande vidogo, dakika 6. (Najua, simu mpya labda ingetushinda. Nani anayo?)

Halafu kijana mmoja, aliyeandika nusu ya programu ile, familia yake ikahamishiwa Mantapala. Akaja usiku: "Yaya, nipe yangu moja." Nilimwambia tukitoa moja, mashine imekwisha. Alinisikiliza, akasema sawa, akaenda bila kitu. Mpaka leo sijui kama nilifanya haki.

Nafasi yake mezani iko wazi. Laptopu ya nne bado haiwaki. Tunafikiri ni chaja tu. Ni ya volti 19, tundu la duara. Mwenye nayo aje nayo, hata kama waya wake umekatika.