Sungura Aliyepigwa na Bumbuwazi

Nyarugusu ya Geita, tusiichanganye na ile ya Kigoma yenye kambi ya wakimbizi, ni mji wa dhahabu. Baruti hulipuliwa ndani ya maduara ya wachimbaji, makarasha husaga mawe, pikipiki hupita mlangoni. Sungura anayefugwa ndani ya nyumba mahali kama hapo hana upungufu wa mambo ya kumshtua. Tena mlipuko humfikia kwanza kupitia miguuni, kwa sababu mtetemo hupita mwambani kwa kasi ya kilomita kadhaa kwa sekunde, ilhali sauti hewani haizidi sana mita 340.

Akishtuka, hupiga sakafu kwa mguu wa nyuma kuwatahadharisha wenzake. Akiona upenyo, hukimbia. Asipouona, hujibana chini na kutulia tuli, masikio yamelala mgongoni, lakini miguu iko tayari kufyatuka. Huko ndiko kuganda. Hali ninayotaka kuieleza huja baadaye, mnyama anapokamatwa na hasa anapolazwa chali: miguu ya mbele hukunjika kifuani, shingo hurudi nyuma, macho hubaki wazi, na hata ukimwachilia hainuki. Anaweza kukaa hivyo kwa sekunde chache au kwa dakika kadhaa. Mtoto aliyempakata humwita mama yake aje aone jinsi sungura alivyolala.

Hajalala. Kwa Kiingereza hali hii ina jina la maneno mawili, moja likitaja mkazo wa misuli na jingine kutoweza kujongea. Zamani iliitwa hipnosisi ya wanyama, na tangu mwaka 1646 Mjesuiti Athanasius Kircher alikwisha kueleza jinsi kuku anavyoweza kutulizwa kwa namna hiyo. Jina hilo la hipnosisi, lenye asili ya usingizi, limewapotosha wengi. Kwa miaka mingi wafugaji wa Ulaya waliwalaza sungura wao chali ili wawakate kucha, wakiamini kwamba wanawastarehesha. Mwaka 2006 Anne McBride na wenzake nchini Uingereza walichunguza mapigo ya moyo, pumzi na mwenendo wa sungura waliolazwa hivyo, wakahitimisha kwamba ni hofu. Ni kinga ya mwisho: adui akidhani windo limekufa, huenda akalegeza meno, na windo likapata nafasi ya kuponyoka.

Tuiiteje, basi? Kutojongea kwa mkazo wa misuli ni tafsiri sahihi isiyotamkika. Sioni afisa mifugo akimwambia mfugaji maneno hayo. Kuzirai hakufai, kwa kuwa mnyama anaona na kusikia. Kuganda tumekwisha kukutumia kwa hatua iliyotangulia, ambayo sungura bado anaweza kuikatiza kwa kukimbia. Mimi nachagua bumbuwazi. Mswahili hupigwa na bumbuwazi, au hushikwa nalo. Hatuliagizi wala hatujipumzishi kwalo. Linamjia mtu macho yakiwa wazi na linamnyima mwili wake. Kwa kuwa hutumika pia kwa mshangao wa kawaida, katika maandishi ya kitaalamu tuseme bumbuwazi la hofu. Faida yake naiona kwenye matunzo: anayeambiwa sungura amelala ataendelea kumbembeleza, lakini anayeambiwa kapigwa na bumbuwazi atamgeuza na kumwacha.

Na kumwacha ndiyo tiba ya kwanza. Mgeuze taratibu asimame kwa miguu yake, mkono mmoja chini ya kifua na mwingine ukibeba makalio, kwa sababu akipiga teke hewani anaweza kujivunja uti wa mgongo. Mifupa yake ni dhaifu ikilinganishwa na nguvu ya misuli yake. Kisha mpe shimo. Hapa lugha yetu inatuficha jambo, maana neno sungura hubeba wanyama wawili. Yule wa porini, anayesifiwa kwa ujanja katika hadithi, huzaa watoto wenye manyoya na macho wazi, na kinga yake ni mbio. Huyu wa kufugwa, mwenye asili ya Ulaya, huzaa vichanga vipofu wasio na manyoya ndani ya shimo, na shimoni ndiko anakokimbilia. Boksi la katoni lililotobolewa milango miwili, likawekwa pembeni penye giza, linatosha. Milango iwe miwili, kwani penye mlango mmoja anaweza kunaswa. Tandika gunia ili miguu isiteleze, na usimvute nje. Kaa sakafuni, umngojee. Ukimkaribia pitia ubavuni, usimwinamie kutoka juu kama mwewe.

Weka maji na majani mabichi karibu na mlango wa boksi, halafu angalia kinyesi. Hofu inaweza kupunguza mwendo wa utumbo wa sungura hadi ukasimama, naye hawezi kutapika. Akipitisha nusu siku bila kula wala kuacha vidonge vya kinyesi, usingoje kesho. Mpeleke kwa daktari wa mifugo, umweleze alishtushwa na nini, alikula lini mara ya mwisho, na kama alilazwa chali, kwa muda gani.