Koi wenye rangi adimu: Uzuri wa bustani, tahadhari kwa madimbwi ya Nachingwea na Ruangwa

SAMAKI aina ya koi hufugwa ili atazamwe, si ili aliwe. Hata hivyo, nyuma ya rangi zake zinazovutia, koi ni karpi, samaki wa maji baridi mwenye asili ya Asia ambaye katika nchi nyingi ni kitoweo. Ukweli huo una uzito kwa wilaya zenye madimbwi ya msimu, kama Nachingwea na Ruangwa mkoani Lindi.

Chimbuko la koi ni milima ya Niigata, nchini Japan, ambako wakulima wa mpunga walifuga karpi kwa chakula. Mwanzoni mwa karne ya 19, baadhi ya samaki hao walianza kuzaliwa wakiwa na mabaka mekundu na meupe. Wakulima waliwatenga na kuwazalisha wao kwa wao. Maonyesho yaliyofanyika Tokyo mwaka 1914 ndiyo yaliyowatangaza nchini kote.

Aina inayojulikana zaidi ni Kohaku, mweupe mwenye mabaka mekundu. Mwaka 2018, Kohaku mmoja aliuzwa Japan kwa zaidi ya Yeni milioni 200.

Rangi zilizo adimu

Wapo pia wasioonekana mara kwa mara. Ki Utsuri ni mweusi mwenye mabaka ya njano. Ochiba ana rangi ya kijivu iliyochanganyika na hudhurungi, mfano wa majani makavu yaliyoanguka majini. Midorigoi ni wa kijani, na ni miongoni mwa wale wanaopatikana kwa shida.

Kumonryu ni wa ajabu zaidi, kwani weusi wake huongezeka na kupungua kadiri joto la maji linavyobadilika. Samaki aliyenunuliwa akiwa na madoa meusi anaweza kuwa karibu mweupe mtupu baada ya miezi kadhaa.

Rangi hizo hutokana na chembe zilizomo katika ngozi: nyeusi, nyekundu, njano na zile zinazong'aa kama fedha. Wekundu na unjano huhitaji karotinoidi, ambayo samaki hawezi kuitengeneza mwilini. Huipata katika mwani, dagaa kamba na vyakula vingine. Mfugaji asiyezingatia lishe huona samaki wake wakififia.

Aidha, rangi adimu hairithiwi kwa uhakika. Jike mkubwa hutaga mayai malaki kwa malaki, lakini vifaranga wenye mabaka yanayotakiwa huwa wachache, na waliobaki huondolewa. Wakiachwa wazaliane bila kuchujwa, baada ya vizazi kadhaa wengi hurudia rangi ya kijivu ya karpi wa kawaida.

Hatari ya kuwaachia

Hapo ndipo penye tatizo. Koi anayetoroka bwawani wakati wa mafuriko, au anayetupwa mtoni na mwenye kuchoka kumtunza, hupoteza thamani ya urembo lakini habadiliki tabia. Karpi huchimbua tope akitafuta chakula, maji yakachafuka na mimea ya majini ikang'oka. Katika Ziwa Naivasha, Kenya, karpi walianza kuonekana takriban mwanzoni mwa miaka ya 2000, na katika kipindi cha muongo mmoja hivi wakawa sehemu kubwa ya samaki waliovuliwa humo.

Mashariki mwa Tanzania kuna samaki wa rangi wa asili, wa jamii ya Nothobranchius, ambao wengi hawazidi urefu wa kidole. Huishi katika madimbwi yanayokauka kila mwaka. Mayai yao hubaki ndani ya tope wakati wa kiangazi, huanguliwa mvua zinaponyesha, na samaki hukomaa kwa wiki chache kabla maji hayajakauka.

Mmojawapo, Nothobranchius guentheri wa Unguja, alitambuliwa kitaalamu mwaka 1893. Nothobranchius korthausae wa Mafia alifuata mwaka 1973. Madume wake wapo wekundu na wapo wa hudhurungi. Nothobranchius eggersi wa bonde la Rufiji, aliyetambuliwa mwaka 1982, ana madume wa bluu na wengine wekundu. Rangi hizo hazikuchaguliwa na binadamu. Ni za asili.

Nachingwea na Ruangwa zina msimu mmoja wa mvua, kuanzia takriban Novemba hadi Aprili au Mei, ukifuatiwa na kiangazi kirefu. Dimbwi la mbugani linaloonekana halina faida linaweza kuwa makazi ya viumbe wa namna hiyo, na samaki mgeni akiingizwa humo hula mayai na kuvuruga tope linaloyahifadhi.

Anayetaka kufuga koi katika wilaya hizo anapaswa kwanza kuonana na ofisa uvuvi wa halmashauri yake. Bwawa lijengwe mbali na mkondo wa maji, liwe na kingo zinazozidi kimo cha mafuriko, na bomba la kutolea maji lizibwe kwa wavu wenye matundu madogo. Samaki asiyehitajika apewe mfugaji mwingine, asitupwe mtoni.